Tafuta Maji Kabla ya Kuchimba: Picha za Mishipa ya Damu katika Kujenga Upya Titi

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Ipagala, Dodoma. Tunaichapa kama alivyoisoma.)



 Ndugu Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya maendeleo ya upigaji picha hospitalini, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka 24. Nimekubali, lakini naomba mnivumilie, maana hotuba yangu imebeba mambo mawili. La kwanza ni somo, hasa kwa vijana wa sayansi. La pili ni hesabu. Wengi wenu mlichanga fedha kwa ajili ya matibabu ya dada yangu. Fedha zile zilipita mikononi mwangu, na sehemu yake ilipotea bure. Haikuibwa. Niliipoteza mimi, kwa ujinga wa mtu aliyesoma, nao ni ujinga mgumu kuutambua kwa sababu umevaa koti jeupe.

Dada mwenyewe yupo hapa. Ameketi nyuma, chini ya ule mwarobaini. Nilimwomba ruhusa nisimulie habari zake. Akanijibu, "Mdogo wangu, jina langu liache nyumbani. Yaliyobaki yaseme yote." Basi nitayasema yote.

Wale tuliosoma pamoja mnamkumbuka. Ndiye aliyekuwa akija na kikapu cha karanga siku ya kufungua shule, akaziuza barazani kwa bwana duka, kisha akaingia ofisini kulipa karo yangu. Kila nilichojifunza katika maabara ile pale kililipiwa kwa karanga zake.

Miaka michache iliyopita aliona uvimbe katika titi la kushoto. Alikaa nao miezi saba bila kumwambia mtu. Nilipomwuliza kwa nini alinyamaza, hakusema aliogopa kufa. Alisema aliogopa kukatwa. Ndugu zangu, hapo pana jambo kubwa. Mwaka 2020 wagonjwa wapya wa saratani ya matiti duniani walikadiriwa kuwa milioni 2.3, na waliokufa walikuwa kama 685,000. Katika nchi yetu wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea. Sababu ni nyingi: umbali, nauli, waganga, kutojua. Lakini mojawapo ni hofu hiyo ya dada, ya kurudi nyumbani akiwa na kovu mahali palipokuwa na titi.

Alikatwa titi, akapewa dawa za mishipani, akapigwa mionzi. Namshukuru Mungu, ugonjwa ulitulia. Akarudi shambani. Aliijaza sidiria yake vitambaa, akajifunga khanga. Siku moja wakipura uwele, vitambaa vile vilihama vikaja katikati ya kifua, na watoto waliokuwa pale wakacheka. Hakuwagombeza. Aliacha kupura, akarudi ndani. Jioni alinipigia simu akaniuliza, "Wewe unayekaa na madaktari, ni kweli kwamba titi linaweza kujengwa upya?"

Titi linajengwa na nini

Nilimjibu kwamba ni kweli. Na hapa naomba niwafahamishe vijana kwamba upasuaji wa kurekebisha maumbile si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Ule utumishi wa madaktari warukao ambao leo unajulikana kwa jina la AMREF ulianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Wote watatu walikuwa mabingwa wa kazi hiyo hiyo ya kurekebisha maumbile, na mpango wao waliuzungumza chini ya Mlima Kilimanjaro.

Titi lililoondolewa hujengwa kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuweka chini ya ngozi mfuko wa silikoni. Ya pili ni kuchukua msuli mpana wa mgongoni pamoja na ngozi yake, na kuupitisha chini ya kwapa mpaka kifuani huku ukiwa bado umeshikamana na mshipa wake wa damu. Njia hii ilielezwa na Mwitaliano Iginio Tansini tangu mwaka 1906, ikasahauliwa, ikafufuliwa katika miaka ya 1970. Ya tatu ni kuchukua ngozi na mafuta ya tumbo la chini. Mwaka 1982 Hartrampf wa Marekani na wenzake walieleza jinsi ya kuipandisha nyama hiyo kifuani pamoja na msuli wa tumbo. Mwaka 1989 Koshima na Soeda wa Japani wakaonyesha kwamba kipande cha tumbo kinaweza kuchukuliwa na kuuacha msuli mahali pake, na mwaka 1994 Allen na Treece wakaandika juu ya kuitumia njia hiyo kujenga titi.

Hii ya mwisho ndiyo iliyozaa haja kubwa ya picha, na nitaieleza kwa mfano wa kwetu.

Hapa Dodoma kila mtoto anajua kwamba maji hayakai juu ya ardhi. Mvua huja kuanzia Novemba au Desemba, na ikifika Mei imekwisha. Kiangazi kikikaza, wazee hushuka korongoni. Hawachimbi popote. Hutazama mchanga, majani yaliyobaki kijani, mahali ng'ombe wanaponusa, ndipo wachimbe. Mji wetu wenyewe umekunywa kwa miaka mingi maji ya visima vya Makutupora kwa sababu wataalamu walipima kwanza, wakajua maji yako wapi.

Tumbo nalo ni hivyo hivyo. Nyuma ya msuli wa tumbo, kila upande, hupita mshipa mkubwa wa damu. Kutoka kwake vijishipa vidogo hutoboa msuli na kupanda mpaka kwenye ngozi. Kila kijishipa hunywesha eneo lake, kama bomba dogo linalotoka kwenye bomba kuu na kuingia uani kwa mtu. Mpasuaji akikata kile kipande cha ngozi na mafuta, huacha kijishipa kimoja au viwili tu vikilisha kipande kizima, kisha huunganisha mshipa wake na mishipa ya kifuani chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Akichagua kijishipa dhaifu, kipande kitakosa damu na kufa. Na tabu ni kwamba hakuna watu wawili ambao vijishipa vyao vimekaa sawa. Hata kwa mtu mmoja, upande wa kulia haufanani na wa kushoto.

Basi swali ni hili: kabla ya kisu kugusa ngozi, tutavijuaje vijishipa hivyo? Kwa sasa kuna njia tano za kuzilinganisha.

Njia tano za kusoma ardhi

Njia ya kwanza ni Dopla ya mkononi. Ni chombo kidogo kama kalamu nene, kimeunganishwa na kijisanduku chenye spika. Vijana wa fizikia, mnamjua Christian Doppler, aliyeeleza kanuni yake mwaka 1842. Simameni kando ya barabara ya Dar es Salaam basi likija linapiga honi. Likikaribia mlio ni mkali, likishapita mlio unashuka. Chombo hiki hupeleka mawimbi ya sauti ndani ya mwili. Yakigonga damu inayokwenda hurudi yamebadilika, nawe unasikia "fuu, fuu, fuu". Uzuri wake ni kwamba ni rahisi, hubebwa mfukoni, hakina mionzi wala sindano. Ubaya wake ni kwamba husikia tu, hakioni. Hakikuambii mshipa una unene gani wala umepita njia gani, na mara nyingine kinasikia ule mshipa mkubwa wa chini ukadhani ni kijishipa cha juu.

Njia ya pili ni altrasaundi ya rangi. Kanuni ni hiyo hiyo, lakini hapa unaona picha, na damu inayokwenda huonyeshwa kwa rangi nyekundu na buluu. Unaweza kupima unene wa kijishipa na kasi ya damu yake. Haina mionzi. Lakini inataka mtu stadi, mwenye mkono mtulivu na subira, na kulipima tumbo zima huweza kuchukua karibu saa nzima. Zaidi ya hayo, aliyepima huyaona mengi kuliko yale yanayobaki kwenye karatasi. Mpasuaji asipokuwepo, nusu ya habari hubaki kichwani mwa mpimaji.

Njia ya tatu ni siti skani ya mishipa. Hapa naomba Waafrika tujivune kidogo. Wengi wanamjua Godfrey Hounsfield wa Uingereza, ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza huko London mwaka 1971. Lakini hesabu za msingi zilikuwa zimekwisha kufanywa na Allan Cormack, mwana wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1956 alikuwa akifanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ndipo wazo lilipomjia. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mgonjwa hudungwa dawa yenye aidini mshipani, na mashine huzunguka na kumpiga picha kwa sekunde chache damu inapobeba dawa hiyo. Tangu mwaka 2006 wapasuaji wameitumia kwa kazi hii ya tumbo. Huonyesha vijishipa vyembamba kuliko milimita moja, njia yake ndani ya msuli, na mahali kinapotokea, kwa vipimo vya kutoka kitovuni. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba hupunguza muda wa upasuaji. Kwa ajili hiyo, katika vituo vikubwa duniani, ndiyo inayotangulia.

Lakini ina gharama zake. Kwanza fedha. Pili mionzi: kwa kawaida ni milisivati chache, ambazo ni kama kiasi anachokipata mtu kutoka ardhini na angani kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Si ya kutisha, lakini si ya kugawa kama peremende. Tatu ile dawa: wapo inaowadhuru kwa mzio, na wenye figo dhaifu lazima wapimwe damu kwanza.

Njia ya nne ni MRI, mashine ya sumaku. Haina mionzi. Wavumbuzi wake wakuu, Paul Lauterbur na Peter Mansfield, walipewa Nobel mwaka 2003. Inafaa kwa mtu asiyetakiwa kupata mionzi, au ambaye aidini inamdhuru, ingawa nayo hutumia dawa ya mshipani ya namna nyingine. Lakini ni ghali zaidi, huchukua muda mrefu, hupiga kelele kama kiwanda cha mabati, na mgonjwa lazima atulie na kushika pumzi akiamriwa. Mwenye vyuma fulani mwilini haingii. Na kwa vijishipa vyembamba sana, siti skani kwa kawaida huona vizuri zaidi.

Njia ya tano ni kamera ya joto, jamaa ya ile ambayo fundi umeme huitumia kutafuta waya unaochemka. Tumbo hupozwa kidogo, hata kwa feni, kisha kamera hutazama ngozi inapopata joto tena. Mahali damu inapotoka chini huwa wa kwanza kung'aa. Wapasuaji wa Tromsø, Norwei, wameifanyia kazi nyingi. Haigusi mwili, haina mionzi wala dawa. Huonyesha mahali ambapo damu inafika ngozini kwa nguvu, lakini haionyeshi njia ndani ya msuli. Kwa hiyo ikifuatana na Dopla ya mkononi, hivyo viwili ni msaada mzuri kwa gharama ndogo.

Ipo pia dawa ya kijani inayodungwa mgonjwa akiwa mezani, ikang'aa chini ya kamera maalumu na kuonyesha sehemu ya kipande inayopata damu na isiyopata. Lakini hiyo ni ya wakati wa kazi yenyewe. Ni kama kufungua bomba kuona kama maji yamefika, na si kutafuta kisima.

Hesabu ya fedha zenu

Sasa nije kwenye hesabu.

Dada aliponiuliza lile swali, mimi, mtu wa picha, niliwaza picha. Nilikuwa nimesoma habari za siti skani ya tumbo, na nilitamani kuiona kwa macho yangu. Nikawaandikia ninyi. Mkachanga. Dada naye, bila kuniambia, akapeleka mbuzi wanne mnadani. Nikamwomba daktari mmoja, rafiki yangu, ajaze fomu. Nikampeleka dada akapigwa picha. Aliogopa. Dawa ilipoingia alisikia joto mwili mzima, naomba radhi kwa kusema, mpaka akadhani amejikojolea, akatoka mezani akilia kwa aibu ingawa khanga yake ilikuwa kavu.

Picha zilitoka safi kabisa. Nilikaa nazo usiku nikihesabu vijishipa, vitatu kulia na viwili kushoto, nikaviwekea alama kama mwanafunzi bora wa jiografia. Baada ya wiki tatu ndipo tukaenda kwa mpasuaji. Nikamkabidhi picha zangu. Aliziweka mezani bila kuzifungua. Akamwambia dada, "Mama, shikamoo. Naomba usimame, nikuone tumbo."

Ndugu zangu, dada yangu ni mkulima. Maisha yake yote amelima, ametwanga, amebeba maji. Tumbo lake ni bapa kama ubao wa kuandikia, tena lina kovu refu la operesheni ya uzazi lililoshuka kutoka kitovuni. Daktari alilibana kwa vidole viwili, akatabasamu, akasema, "Hapa hakuna titi la kuchukua." Kisha akasema, "Weka mkono wa kushoto kiunoni. Kandamiza kwa nguvu, kama unayegomba na mume." Dada akakandamiza. Daktari akashika nyuma ya kwapa, ule msuli wa mgongo ukajaa mkononi mwake. Akasema, "Msuli unafanya kazi. Mshipa wa fahamu ni mzima, na mshipa wa damu hupita karibu nao." Akatoa Dopla ya mkononi mfukoni, akaweka mafuta kidogo, sote tukasikia: fuu, fuu, fuu. Akasema, "Tutatumia mgongo."

Kipimo kile kilichukua dakika nne, na hakikugharimu hata mbuzi mmoja.

Njiani tukirudi dada hakusema neno mpaka tulipokaribia Ipagala. Kisha akauliza, "Zile picha za tumbo zilikuwa za nini?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo jibu ni hili: zilikuwa za kunifurahisha mimi.

Kosa si la mashine. Mashine ilifanya kazi yake vizuri. Kosa si la daktari aliyejaza fomu kwa kuniamini. Kosa ni langu, kwamba nilianza na jibu kabla ya swali. Mshipa wa msuli wa mgongo kwa kawaida haubadilikibadiliki kama vile vya tumbo. Hasara kubwa ni kama uliguswa katika upasuaji wa kwanza wa kwapa, na hilo hukaguliwa kwa mkono na Dopla, na kama shaka ikibaki ndipo utafute picha kubwa. Na tumbo la dada mtu yeyote mwenye macho angeliona kuwa halifai. Mimi sikulitazama. Nilitazama skrini.

Fedha za kipimo kile nimezirudisha zote kwa Ndugu Mweka Hazina, na stakabadhi anayo. Mbuzi wanne nao nimewarudisha, ingawa dada anasema mmoja ni mwembamba kuliko wa kwake.

Mpango wa maswali

Sasa tujifunze nini? Mimi nimejiwekea mpango wa maswali manne, nami nauacha hapa kwenu.

Kwanza: mgonjwa anataka nini? Si kila mwanamke anataka titi jipya, na asiyetaka hana upungufu. Wengine hutosheka na titi la bandia la kuvaa. Dada alitaka, kwa sababu zake.

Pili: upasuaji gani unafikiriwa? Hili huamuliwa na mpasuaji aliyemwona mgonjwa na kumgusa. Kama ni silikoni, picha ya vijishipa vya tumbo haina kazi. Kama ni mgongo, anza na mkono na Dopla. Kama ni tumbo, hasa kwa ile njia ya kuacha msuli, ndipo siti skani inapostahili fedha yake, na pale isipopatikana au isipofaa, altrasaundi ya rangi katika mkono stadi, au MRI, au kamera ya joto pamoja na Dopla.

Tatu: je, picha hii itabadilisha njia ya kisu? Kama mpasuaji atafanya lile lile, picha iwepo isiwepo, basi usiipige.

Nne: nani ataisoma? Picha nzuri kuliko zote ikikosa msomaji ni kama barua iliyopelekwa kwa asiyejua kusoma. Mpiga picha na mpasuaji lazima waketi meza moja kabla ya kazi.

Na sisi wa Dodoma tunayo bahati. Zamani mtu wa hapa aliyehitaji siti skani au MRI alipanda gari moshi au basi kwenda Dar es Salaam. Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa ifunguliwe hapa mwaka 2015, mashine hizo ziko mlangoni petu. Jambo hilo ni jema sana. Lakini mashine ikiwa karibu, kishawishi nacho kinakuwa karibu. Mwenye nyundo mpya huona misumari kila mahali, na mimi ni shahidi.

Neno la mwisho

Vijana, msinielewe vibaya. Sisemi msisomee mashine. Someni fizikia kwa bidii, na hesabu, na baiolojia. Nchi inataka wapasuaji wa darubini, inataka watu wa altrasaundi wenye mikono mitulivu, inataka wa kutengeneza mashine zikiharibika. Lakini katika maabara ile ile tulifundishwa kuandika kwanza "Lengo la jaribio", kisha "Vifaa". Mimi miaka mingi baadaye niliandika "Vifaa" juu ya ukurasa.

Ndugu wanafunzi wa zamani, najua lipo wazo la kuchanga tena kwa ajili ya akina mama wenye ugonjwa huu. Naliunga mkono kwa mikono miwili. Naomba tu tuanzie mwanzo: nauli ya mama aliyeona uvimbe leo, ili afike hospitali wiki hii, asikae miezi saba kama dada. Na akifika, aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba kukatwa titi si lazima kuwe mwisho wa habari, kwamba upo uwezekano wa kujengewa jingine. Naamini wapo ambao neno hilo tu lingewatoa nyumbani mapema. Lingemtoa dada.

Naye dada, mtauliza, ikawaje? Daktari alimweleza wazi kwamba msuli wa mgongo ukiondoka, bega hupungukiwa na nguvu kwa kazi nzito. Akamwambia aende nyumbani akafikiri. Alifikiri mwezi mzima, akahesabu majembe na ndoo zake. Kisha akasema anatumia mkono wa kulia, na kwamba atakubali kulima polepole. Upasuaji ulifanyika, kidonda kikapona. Titi lile si kama la zamani, ni dogo kidogo, na mgongoni ana kovu. Analima polepole kama alivyosema. Mwaka huu alikwenda kupura uwele pamoja na wenzake, amejifunga khanga moja tu.

Nilipomwuliza asubuhi hii kama kuna neno angependa niwaambie, alisema, "Waambie asante kwa mchango. Na waambie wapiga picha wote wasalimie mgonjwa kabla ya kuwasha mashine."